Mbao ya Maman Jokébed na Mafuta Yenye Inalala

Maman Jokébed Kavuo alifanya kazi miaka makumi mbili na tatu ku Atelier Simu Muzima, fasi ya kutengeneza simu, hapa Butembo. Alianza mwaka 2002. Anaacha kazi leo, samedi tarehe 29 mwezi wa kumi na moja 2025. Alipaswa kuacha tarehe 30 mwezi wa tisa. Alichelewa miezi mbili. Batu banauliza juu ya nini. Nitaeleza.

Mimi ni Phinées. Nawashaka groupe, ile machine ya courant, nafagia, nabeba. Mbele ya ile nilikuwa aide-maçon, musaidizi wa bafundi ba kujenga. Chef alisema niandike mimi. Nikamwambia nilifika paka mwaka wa ine tu wa primaire. Akanijibu: "Njo vile tunataka. Bengine bataandika uongo ya kupendeza."

Maman alipoingia atelier, mu quartier yote alikuwa mwanamuke peke yake mwenye anashika fer à souder, chuma ya kuunga waya. Batu balikuwa banafika na simu, banamuangalia, banauliza: "Maman, bwana yako iko wapi?" Anajibu: "Iko ku shamba. Leta simu." Bwana yake hakujua hata kubadirisha pile, betri ya radio.

Alitengeneza masimu ngapi? Hakuna mutu anajua. Hakuhesabu. Maman alikuwa anahesabu paka kitu moja, na ile iko ku mbao yake.

Mbao ni ya eucalyptus, urefu ya mukono yangu. Ilikuwa ukutani juu ya meza yake. Simu ikikuwa ya kutupa, na mwenyewe akikubali, Maman alikuwa anatoa puce ya picha anaigandisha pale. Puce ya picha ni ile fasi mu kichwa ya simu yenye inachora yote unaonaka ku écran, kioo yake. Kila miaka kidogo ilipata puce moja. Pembeni mwaka. Pembeni ya mwaka, namba.

Siku moja nilimwambia: "Maman, hii yote ni ya nini? Puce ni puce." Akaniangalia kama nimetukana mama yake. "Phinées, keti." Nikakaa. Nilikaa saa mbili mupaka groupe ikamaliza essence, petroli yake.

Fasi ya kwanza ku mbao, 2002, ilikuwa wazi. Wakati ile puce ya picha haikukuwa. Kichwa moja inafanya yote: inaita, inahesabu, inachora. Alisema ni kama mutu moja ku chantier ya kujenga, anapima, anachanga mortier ya simenti, anajenga, anapika na chakula. Ile simu ilikuwa inachora nyoka ya miraba, na sisi tulikuwa tunashangaa.

Kisha 2009. Puce ya picha imezaliwa, lakini na kichwa nguvu. Inajua paka yenye baliifundisha ku usine, kiwandani. Moule moja, tofali ya namna moja. Hapana kubishana nayo.

Ya 2011 inafundishika. Mutu mwenye anatengeneza muchezo anaiambia: hii kidoti paka rangi hivi, ile ya kando weka kivuli. Maman aliipenda sana. Alikuwa anaipanguza na kitambaa ya miwani yake.

Ya 2015, ndani ya puce moja kuko bafundi bengi. Bane, banane, kumi na babili. Nyumba kadogo, bafundi bengi, jasho mingi. Nitarudi ku ile jasho.

Kitu yenye ilinishinda ni namna puce inachora. Haichoraki picha yote mara moja. Inaikata miraba kadogo kadogo. Inashika mraba moja, inamaliza yote, rangi na kivuli, kisha inaenda ku ingine. Juu kuenda kuchota inje ku mémoire, akiba ya simu, kila saa inakula batterie. Niliruka ku kiti. "Maman! Njo vile tunajengaka! Unaleta karai moja ya mortier, unamaliza fasi yako mbele ya kurudi ku rundo. Mujinga njo anatembea na karai tupu siku yote." Alicheka mupaka miwani ikaanguka. "Donc puce ni aide-maçon," alisema. Na mimi nilirudi nyumbani na kiburi kidogo.

Écran ya simu ya sasa iko na vidoti million mbili na nusu. Puce inachora yote upya mara makumi sita mu seconde moja. Fanya hesabu. Ni vidoti million mia moja na makumi tano mu seconde, mu kitu kadogo kuliko ukucha yangu. Mimi napanga tofali mia tatu mu siku muzima na mugongo inalia. Tangu nilisikia ile namba, sijashikaka simu na mukono moja. Naishika na mbili.

Ya mwisho ku mbao ilikuwa ya 2023. Ilifika kwetu imepita chini ya camion, lori, siku ya soko ya Kirumba. Hii puce inafuata mwangaza. Unachora nyumba, unatoboa dirisha, unaweka jua. Puce inafuata mwangaza kupita dirisha, kugonga ukuta, kurudi, kugusa chini. Ukisogeza jua, kivuli inasogea. Mbele ya kuitoa Maman aliunga ile simu ku écran ingine, akatuita bote. Nilijenga nyumba miaka kumi na tano. Sikukuwa nimeona jua inaingia mu nyumba yenye haina hata tofali moja.

Sasa namba na jasho. Butembo ni baridi. Mafuta ya mawese inatoka Beni ikiwa maji. Ikifika huku inalala. Unaikata na kijiko. Maman alikuwa anachukua kidogo, kama punje ya maharagi, anaiweka ku mugongo ya simu, fasi ya puce. Anafungua picha ya nyumba yenye inazunguka. Anahesabu. Wakati mafuta inaamuka na kutiririka, anaandika namba. Ya 2011 ilifika mia tatu. Ya 2015 ilifika tisini, juu ya ile bafundi bengi. Ya 2018, mia mbili. Ya 2020, mia ine. Ya 2023, alihesabu mupaka mia sita, mafuta bado imelala. Akachoka yeye. Na kila simu yenye ililetwa juu ya joto ilipita ku ile mafuta: ikitiririka mbio, puce iko mugonjwa. Hakuna machine ingine.

Juu ya puce ya kesho alikuwa anabishana na Manassé, mwenye anachukua meza yake lundi, siku ya kwanza ya juma. Manassé alikuwa anasema: "Nguvu, Maman! Kesho ni nguvu tu! Bafundi elfu mu puce moja!" Maman anamjibu: "Elfu, na batalala wapi? Wewe ungeweka batu mia mu choo." Yeye anaona puce ya kesho itajengwa étage juu ya étage, kama ghorofa, na njia ya joto kutokea katikati, kama nyumba yenye iko na cheminée ya kutoa moshi. Anaona itajua jicho yako inaangalia wapi, na itachora vizuri paka pale. Pengine itachora nusu na kuwaza nusu, na mutu hataona tofauti. Manassé alisema ile ni uvivu. Maman alisema: "Ni akili. Wewe unachoka bure juu huna akili." Chini ya mbao aliacha fasi moja wazi. Aliandika pale: YA KESHO. Namba hakuandika.

Muke yangu Falonne alikufa 2019. Maman alileta chungu ya maharagi siku tisa. Siku ya kumi alisema: "Kesho urudi. Groupe inakungoja." Nilirudi. Hiyo sikutaka kusahau kuandika.

Sasa juu ya nini alichelewa.

Mwezi wa munane chef alifungua kashop Beni. Alituma Maman juma mbili kuonyesha batu ba kule kazi. Alibeba miwani, pince, ile koleo yake kadogo, na kikopo yake ya mawese. Siku ya kwanza alipima masimu tatu. Mafuta ikatiririka mbele ya kufika makumi mbili. Siku ya pili, ine. Ikatiririka. Alinipigia simu: "Phinées, huku Beni puce yote inagonjwa. Sijaona vile."

Beni ni joto. Kule mafuta hailalake. Kila mutu anajua. Maman anajua, tangu mutoto anaikula. Lakini mukono ya miaka makumi mbili na tatu haikuuliza kichwa. Mvua ilinyesha, asubui mafuta mu kikopo ilikuwa nzito kidogo, akaona iko sawa.

Siku ya tano Maman Joyeuse aliingia kuchaji simu. Yeye anauzisha mawese mbele ya ule mulango. Akaona punje ya mafuta ku mugongo ya simu. "Maman wa Butembo, unapikia nani?" Maman akamuelezea: napima joto, mafuta ikitiririka puce iko mugonjwa. Joyeuse akachukua mafuta na kidole. Akaiweka ku meza, fasi ya kivuli, hakuna simu, hakuna kitu. Wakaangalia. Ikatiririka.

"Basi na meza yako iko mugonjwa," Joyeuse alisema.

Batu balicheka mupaka barabarani. Maman hakucheka. Alikuwa ameshahukumu masimu kumi na moja. Aliita benyewe. Kumi alibarudishia mu mukono, moja moja, akasema: "Nilikosea. Iko muzima." Ya kumi na moja alikuwa ameshafungua. Puce ilikuwa imeshatoka, juu alitaka kuitengeneza fasi yake. Kule machine ya joto ilikuwa mubaya. Puce ilipotoka, ilingoa na fasi mbili za chini kwenye inashikia.

Ile simu ilikuwa ya Rébecca Kasika, wa Beni. Rébecca anachoraka ma plan ya nyumba ku simu. Alikuwa amemaliza plan ya maternité, nyumba ya kuzalia, ya kijiji moja karibu na Kamango. Bamama ba kule balishabeba mawe ya fondation, musingi, ku mugongo, balishaipanga rundo. Mawe ilikuwa inangoja plan. Plan ilikuwa fasi moja tu: mu ile simu. Na simu za sasa zinafunga mambo yake na kufuli, ufunguo iko mu puce yake yenyewe. Ukiweka puce ingine, haifungui. Kwenda kupima upya ile kilima ya maternité, njia ilikuwa imefungwa.

Rébecca hakutukana. Alisema: "Maman, nilikuletea simu yenye inatembea." Paka ile.

Maman alirudi Butembo na simu mu mufuko, puce mu karatasi. Aliingia ku bureau. "Chef, siachi kazi."

"Maman, fête ya kukuaga imeshapangwa. Mbuzi imeshafungwa kule nyuma."

"Basi ikule majani."

Musikie kazi yenyewe. Chini ya puce kuko matone ya étain, ile madini ya kuunga, zaidi ya elfu moja. Kila moja ni kadogo kuliko punje ya muchanga. Yote inapaswa kugusa fasi yake. Mbili zenye zilingoka, lazima kuzijenga na waya mwembamba kuliko nywele. Ukikosa moja, simu haiamuke. Ukizidisha joto, puce imekufa, na puce ya ile simu ni moja mu dunia yote. Maman iko na miaka makumi sita na tatu. Manassé alimwambia: "Niachie. Macho yangu ni mupya." Akamjibu: "Wewe hukuivunja."

Hakukuwa anafanya ile kazi vizuri. Alisema mwenyewe. Lazima kujifunza, na kujifunza inaomba puce ya kuharibu. Puce ya kuharibu itatoka wapi?

Lundi moja niliingia kufagia. Mbao ilikuwa ku meza. Maman alikuwa na kisu. Alikuwa anangoa ya 2009.

"Maman, hapana!"

"Phinées, washa groupe."

Alikuwa anaziunga tena ku masimu ya kutupa. Ya 2009 aliichoma. Ya 2011, ile yenye alikuwa anapanguza, aliiweka mupotovu, akaitoa, ikapasuka. Ya 2015 ilikubali upande moja. Manassé alitoka inje. Atasema hakulia. Nilimuona. Ya 2018 ilikubali nusu. Ya 2020 ilikaa, akaitoa, akaiweka tena, ikakaa. Ya 2023 aliiweka na kuitoa mara tatu, mara tatu ikakaa sawa. Ile ilichukua juma kumi. Ku mbao ilibaki paka gundi, na miaka, na namba. Miaka makumi mbili na tatu alikusanya. Juma kumi alimaliza.

Mardi tarehe 18 ya huu mwezi, saa sita ya muchana, alifanya ya Rébecca. Rébecca alipanda kutoka Beni na pikipiki. Tulimupa kiti. Alisimama ku mulango. Manassé alishika taa. Mvua ilipiga mabati, hakuna mutu alisikia mwenzake. Kazi yangu ilikuwa groupe isizime. Essence ilikuwa na maji. Ilikohoa mara mbili. Nilishika mukono ya gaz, yenye inaongeza nguvu, na sikuiachia.

Manassé alinielezea yenye aliona, juu mimi nilikuwa na groupe. Maman alijenga zile fasi mbili. Aliweka puce. Aliweka joto. Kisha aliondoa pince, akaacha mikono mu apron. Étain ilipoyeyuka, puce ilitetemeka kidogo. Ikajivuta yenyewe ku fasi yake. Ikasimama. Hakuna mutu aliisukuma. Manassé ni mutu wa makelele. Alinielezea ile polepole kama mutu iko mu kanisa.

Ilipopoa, nilizima groupe nikaingia. Maman hakubonyeza. Alimupa Rébecca simu. "Bonyeza wewe."

Écran ilibaki nyeusi. Nyeusi. Nyeusi. Kisha ikawaka.

Rébecca aliingiza namba yake ya siri. Alitafuta na kidole. Maternité ikatoka. Vitanda kumi na mbili. Dirisha upande wa jua ya asubui. Paa. Ngazi ya kufuata kilima. Akaigusa, nyumba ikazunguka, na kila tofali ikazunguka nayo. Mimi najua nyumba. Ile ilikuwa nyumba. Niliona fasi ya kuanza fondation, niliona kona yenye itasumbua. Nilitaka kuingia.

Tulingoja Rébecca aseme asante. Alisema: "Weka mafuta."

Maman alileta kikopo. Mafuta ilikuwa imelala muzuri, baridi ya mvua. Akakata punje, akaiweka ku mugongo ya simu. Nyumba ikazunguka. Tukahesabu bote, na sauti, kama batoto ba primaire. Mia moja. Mia mbili. Tulipofika mia tatu, mafuta ilikuwa paka vile aliiweka.

Rébecca alimuangalia. "Donc ilikuwa muzima."

"Ilikuwa muzima," Maman alijibu. "Tangu Beni. Mimi njo nilikosea."

Pale Rébecca akakaa ku kiti.

Njo ile ilichelewesha fête. Leo mutakula ile mbuzi. Ilikula majani karibu miezi tatu, imenenepa. Mutaona na mbao ukutani bila puce. Hapana kumuuliza iko wapi. Mumesoma. Manassé alitaka kuipaka rangi, nikamukataza. Angalieni chini, fasi ya YA KESHO. Juzi Maman alipanda ku kiti na bic, akaandika pale namba yenye hakukuwa anataka kuandika. Haiko namba peke yake. Aliandika: MIA SITA, BENI. Manassé alisoma, akasema haiwezekane, kule mafuta inatiririka hata bila simu, hakuna puce itabaki baridi vile. Maman alisema: "Hukuona puce yenye inajivuta yenyewe? Ngoja."

Njia ya Kamango imefunguka. Fondation imeshachimbwa. Mwezi wa kwanza naenda kule, Rébecca aliniita. Nitabeba mortier karai moja moja, na kila fasi nitaimaliza mbele ya kurudi ku rundo.

Maman Jokébed, asante ya atelier yote. Wasingya, asante ya luga yetu. Meza yako iko na mutu, groupe iko na mutu. Keti na bwana yako ku shamba, umufundishe pile ya radio. Tunakuombea asubui mingi ya baridi ya Butembo, na kikopo yenye mafuta imelala.